Kigurudumu cha Dripu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimelifanya. Mikono bado inanuka oili, nimesugua na sabuni ya kipande mpaka ngozi imekauka.

Swabir amenisumbua wiki tatu nzima. Hasina dada yangu, Hasina fundi wangu, Hasina sina mwengine ila wewe. Maneno matamu yote hayo kutoka kwa kaka ambaye siku nyengine hata chai haniachii! Anataka Subaru yake ya buluu, anayofanyia teksi, iupande mlima wa Kwale mbele ya wale vijana wa Matuga. Jumapili moja mwezi uliopita walimpita kwenye kona, na mmoja akampungia mkono dirishani. Tangu hapo chakula hakipiti.

Ameona video kwenye simu. Mtu wa nchi gani sijui anaonyesha jinsi ya kuongeza nguvu ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kwa vitu vya bure bure. Kigurudumu cha dripu tu — kile cheupe ambacho nesi hukisukuma kwa kidole gumba, matone yakaongezeka au yakapungua. Swabir kakinunua duka la dawa hapa Ukunda, pamoja na mpira wake. Muuza dawa akamuuliza, mgonjwa ni nani? Akamjibu, mgonjwa ana magurudumu manne.

Kazi yenyewe si ngumu, na hilo ndilo linaloniudhi. Kuna mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye kidude pembeni mwa tabo. Presha ikizidi, kidude hufungua mlango, tabo ikapunguza kasi. Nimeukata mpira, nimetia kigurudumu. Ukikifungua, presha inavujia nje, kidude hakipati habari, tabo inapuliza tu. Lakini kompyuta ya gari si jinga. Ikiona presha imepita kiasi inakata petroli, gari linagoma. Basi hapo ndipo alipohitaji fundi wa umeme. Nimelehemu daiodi, kipande kidogo kinachobana umeme, kwenye waya wa sensa ya presha. Sasa kompyuta inaambiwa mambo ni sawa, hata yasipokuwa sawa.

Nimefanya leo kwa sababu ni Jumamosi. Johnstone, bosi wangu, ni Msabato. Jumamosi gereji imefungwa, simu yake imezimwa, yuko kanisani mpaka jioni. Ufunguo ninao mimi. Ananiamini.

Tulilijaribu barabara ya Galu. Wallahi lilivyoruka! Nilipiga ukelele, nikacheka, nikashika dashibodi kwa mikono miwili. Swabir alicheka mpaka machozi. Halafu tukarudi polepole na hamu ya kucheka ikaniisha, sijui kwa nini.

"Mama asijue," akaniambia mlangoni. Kana kwamba ningemwambia! Swabir aliapa mbele ya Mama, mkono juu ya msahafu, kwamba hatashindana tena barabarani. Na Mama alimwambia wazi: ukivunja, radhi yangu usiitafute.

Lakini ni Swabir aliyenisomesha baada ya Baba kufariki, wakati jamaa wote walikuwa wakisema mtoto wa kike na nyaya za magari wapi na wapi. Ningemkatalia kwa mdomo upi?


Jumapili, 3 Agosti

Ameshinda! Amewaacha wale wa Matuga mbali kabisa. Amerudi saa kumi na honi mtaa mzima. Mama akadhani kuna harusi.

Akamwambia Mama amepata abiria wazuri Galu. Hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Bi Mwanapili akatoka. Ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mjane, huuza mahamri asubuhi na jioni. Yeye ndiye aliyetulea mimi na Swabir Mama alipokuwa akifanya kazi hotelini. Akalizunguka gari, mkono kiunoni. "Lo! Hili gari sasa! Ukunda nzima hakuna! Swabir, umepata, baba, umepata!"

Akarudi kwake kugeuza mahamri. Hivyo tu. Mimi sikuona kitu. Mama ndiye aliyenigeukia na kuninong'oneza: umemsikia? Hakusema mashaallah.


Jumanne, 5 Agosti

Leo nimelisikia.

Swabir alinipitisha gereji asubuhi. Pale anapokanyaga kutoka kwenye matuta, injini ikatoa mlio. Mdogo. Kama kokoto ndani ya kopo. Ta-ta-ta-ta, halafu kimya.

Nikamwambia simama. Akasema nimechelewa. Nikamwambia Swabir, simama! Akasimama.

Nikamweleza. Petroli inawaka kabla ya wakati wake, inagonga pistoni kichwani. Kila mlio mmoja ni nyundo moja. Pistoni itapasuka. Tabo nayo inazunguka kuliko uwezo wake, itatapika oili, na oili hiyo itaangukia bomba la moshi lililoiva moto mwekundu. Kompyuta ingetuonya, ingekata petroli, lakini mimi nimeifunga mdomo.

Akanisikiliza, sitamsingizia. Akasema basi punguza kidogo. Nikafungua boneti, nikakirudisha kigurudumu nusu. Akaniambia umeona? Jambo dogo hilo.

Jioni karudi. Nikachungulia. Kigurudumu kiko wazi kama kilivyokuwa! Hakuna haja ya spana, hakuna haja ya fundi. Kidole gumba tu.


Alhamisi, 7 Agosti

Gari limezima Kona ya Musa, na wageni wawili ndani na masanduku yao. Moshi wa buluu nyuma. Swabir alilisukuma pembeni na watu wa bodaboda. Baada ya nusu saa likawaka lenyewe.

Nyumbani Mama alikuwa amekwisha kupata habari kabla yetu. Hajaketi. "Ni jicho. Nilijua. Siku ile ile Mwanapili alipolisifu."

Swabir akainama kuvua viatu.

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Sema. Kuna kitu kibovu humo?"

Swabir aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia tukiwa wadogo, tumevunja kitu, na fimbo iko mkononi mwa Mama.

Nikasema sikuona kitu.

Maneno mawili. Hata Mama hakuniuliza mara ya pili. Alinishukuru! Akasema, nilijua, ungekuwako ubovu mtoto wangu angeuona.


Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haraka, nina aibu na nataka kumaliza.

Asubuhi nilijifanya naangalia maji ya radieta. Nikakifunga kigurudumu chote. Nilijiambia, angalau leo litembee salama. Sikufikiri mbali zaidi ya hapo. Mimi na akili zangu hizi!

Baada ya swala ya Ijumaa Mama akamleta Ustadhi Chirau. Mtu mpole, hana makuu. Akasoma dua, akalipulizia gari, akamwambia Mama: dua tumeomba, sasa fundi naye alitazame. Mama akacheka, akanishika bega. "Fundi ndiye huyu, Ustadhi. Amekwisha kulitazama, halina ubaya." Ustadhi akaniitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipoondoka, Mama hakuridhika. Kuna lile jambo ambalo hufanywa jicho likijulikana limetoka kwa nani. Mwenye jicho anatia udhu, na yale maji aliyotilia udhu anamwagiwa aliyeathirika. Mama akaenda mlangoni kwa Bi Mwanapili. Nilikuwa nyuma yake. Nilimsikia akiomba, kwa adabu zote, kwa sauti ya chini, na jirani wawili wakisikia. Kumwomba mtu maji hayo ni kumwambia usoni: ni wewe.

Bi Mwanapili alisimama pale na unga mikononi. Nilidhani atatutukana. Haki yake! Akasema tu, "Mimi hao ni wanangu." Mama akasema, ndiyo maana nimekuja kwako wewe wala sikwenda kwa watu. Bi Mwanapili akaingia ndani.

Akatoka na beseni. Ametia udhu, mikono bado inadondoka maji. Akalibeba mwenyewe hadi garini, mbele ya mtaa, akanikabidhi mimi. "Mwaga, mwanangu. Kama ni mimi, Mungu anisamehe."

Nikamwaga. Juu ya boneti, upande ule ule kilipo kigurudumu.

Na sasa sikiliza ujinga wangu ulivyozaa. Swabir akaliwasha, akazunguka nalo hadi barabara kuu na kurudi. Limetulia! Hakuna mlio, hakuna moshi. Kwa nini lisitulie, nimekwisha kukifunga kigurudumu! Mama akapiga kigelegele. Jirani wote wakageuka kumtazama Bi Mwanapili. Nilichokitengeneza kwa mkono wangu asubuhi kimekuwa ushahidi dhidi yake.

Aliingia ndani akafunga mlango. Mahamri yalikuwa bado karaini.


Jumapili, 10 Agosti

Leo watoto wa mtaa hawakutumwa kununua mahamri kwa Bi Mwanapili. Beseni limejaa mpaka saa nne. Nilinunua kumi. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanichagulia yale makubwa kama siku zote.

Sikuweza kuyala. Nimempa Swabir, akala yote.


Jumanne, 12 Agosti

Swabir amekigundua kigurudumu kimefungwa. Hakudhani ni mimi. Amedhani kimejirudisha chenyewe kwa mtikisiko! Kwa hivyo amekifungua tena mpaka mwisho na amekidondoshea supaglu. Ananieleza huku anafurahi. "Sasa hakisogei, hata tukienda Lunga Lunga na kurudi."

Lunga Lunga. Hapo ndipo roho iliponiruka.

Ni Jumamosi hii. Posa yake. Anaposa kwa kina Jumwa, mchumba wake, na watu wa kwao wametupa siku. Ataendesha Swabir, na Ami Tembo, nduguye Baba, atakwenda kwa niaba yake, na Mama, na mimi. Na Bi Mwanapili! Mama amekwenda mwenyewe kumwomba. Anataka mtaa uone kwamba yamekwisha, hakuna kinyongo, jirani tumepanda naye gari lile lile. Ni ihsani kweli, Mama hana moyo mbaya. Bi Mwanapili amekubali. Amelia, nasikia.

Nikamwambia Swabir, litoe daiodi langu kabla ya safari. Akasema likitoka sasa na kigurudumu kiko wazi, gari litakuwa linagomagoma njia nzima, utaniaibisha kwa wakwe. Nikasema basi tutoe vyote viwili. Akasema mashemeji zangu wana magari, Hasina. Wataka nifike natambaa?

Nikasema utatuua.

Akasema, "Gari limesomewa."

Kumbe na yeye ameanza kuamini! Yeye anayejua kila kitu!


Jumatano, 13 Agosti

Johnstone ameona.

Swabir alipita gereji kuongeza oili. Nilikuwa chini ya lori, nikasikia boneti, nikasikia kimya, halafu sauti ya Johnstone: "Nani ameeka drip kwa gari? Hii ni ICU ama ni gari?"

Swabir akasema nimelinunua hivi hivi. Wala hakunitazama. Ananilinda, au anajilinda, mimi sijui tena tofauti.

Johnstone akachukua tochi. Akaniita. Akanionyesha chini ya tabo: oili imetoka jasho, inateremka mpaka karibu na bomba la moshi. Pale bomba limebadilika rangi, limekuwa bluu na zambarau. Akamwambia Swabir, "Buda, hii kitu itashika moto na watu wakiwa ndani. Si ati nakutisha. Usibebe mtu. Wacha hapa, nitakuwekea vile ilikuwa, sitaki kitu yako."

Swabir akacheka kidogo. Akasema ana mgeni wa kumpeleka uwanja wa ndege wa Ukunda, atarudi. Hakurudi.

Johnstone alingoja mpaka wengine wameenda kula. Akasema, kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi: "Hiyo solda kwa waya ya sensa ni yako. Mimi ndio nilikufunza."

Nikainama kukusanya spana.

"Toa."

"Ameshakwenda nalo."

"Basi ambia mamako. Leo, Hasina. Usingoje ikuwe msiba ndio uongee."

Nimeshika waya zisizo sawa mara mbili.


Alhamisi, 14 Agosti

Swabir hakulala nyumbani. Ametuma ujumbe: wageni wa Wasini, safari ya alfajiri, nalala Galu. Ananikimbia. Anajua nikilipata gari peke yangu kwa dakika tano nitafanya nini.

Nimempigia mara kumi na moja. Mara ya mwisho akapokea. Nikamwomba, kaka, nakuomba, kodi gari jengine siku moja tu. Akasema nitamwambia nini Mama? Sema ukweli, nikamwambia. Akasema, "Ukweli wa nani, wangu au wako? Maana tukianza kusema, tutasema yote." Akakata.

Si vitisho. Anaogopa. Namjua ndugu yangu, sauti yake ilikuwa nyembamba. Lakini anaiogopa radhi ya Mama kuliko moto.

Na mimi je? Mimi naogopa nini kinachonizuia kuvuka ukumbi huu, hatua sita, nikamwambia?


Ijumaa, 15 Agosti

Nimejaribu.

Mama alikuwa anapiga pasi leso mpya za kupeleka kwa mkwe. Chumba kinanuka udi. Alikuwa anaimba! Tangu Baba afariki sijamsikia akiimba.

Nikasema, Mama, kesho tukodi gari jengine.

"Kwa nini?"

Nikasema lile lina kasoro, Johnstone ameliona.

Akaiweka pasi wima. "Wiki iliyopita uliniambia halina kitu."

"Nilikosea."

"Hukukosea, mwanangu. Unaogopa. Mimi pia naogopa, mtoto anatoka nyumbani." Akanivuta, nikakaa karibu naye. "Sasa nisikilize. Gari limeombewa dua. Mwanapili ametoa udhu wake mbele za watu. Leo nikikodi gari jengine, mtaa utasema nini? Watasema mimi Twaiba bado sijamwamini jirani yangu. Watasema maji ya Mwanapili hayakusafisha kitu. Nitakuwa nimemtia doa mara mbili. Wataka nimfanyie hivyo?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari: Mama, hakuna jicho, ni mimi. Akanipa leso nimshikie ncha tuikunje. Nikaishika. Tukaikunja. Nyengine. Tukaikunja.

Zilikuwa leso kumi na mbili, na nilinyamaza zote kumi na mbili.

Shauri langu ni hili. Kesho asubuhi Swabir akifika kutoka Galu, nitakimbilia boneti kabla hajazima injini, nitaung'oa waya wa daiodi. Kompyuta itapata fahamu. Litagoma kila akikanyaga, litamlazimisha kwenda polepole. Aone aibu. Aibu haiui mtu.


Jumamosi, 16 Agosti

Saa tatu na dakika arobaini, Msambweni, petroli stesheni. Nimekaa kwenye kreti ya soda. Daftari lilikuwa mkobani. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mayowe.

Niandike kwa mpangilio. Swabir alifika saa mbili u nusu, amechelewa makusudi, hakuzima injini. Ami Tembo alikuwa tayari amesimama barabarani na kofia yake na bakora. Ingia, ingia, watu wa Lunga Lunga wanatungoja! Boneti sikuigusa. Nikaingia. Nilijiambia nikiwa ndani nitasikia, nikisikia nitasema.

Ami Tembo mbele. Nyuma Mama, Bi Mwanapili katikati, mimi dirishani. Bi Mwanapili alivaa buibui jipya. Alinishika mkono. Njia nzima alisema mashaallah. Kwa gari, kwa miwa, kwa leso, kwa kila kitu, mashaallah, mashaallah, kwa sauti, ili Mama asikie.

Swabir aliendesha vizuri mpaka tulipotoka matuta ya mwisho. Halafu lori la mchanga mbele yetu. Akakanyaga kulipita. Ta-ta-ta-ta-ta! Si kokoto tena, ni mtu anagonga mlango. Mama akauliza nini hiyo? Swabir akasema ni barabara. Ikaja harufu. Oili inayoungua, naijua kama ninavyoijua harufu ya jikoni kwetu.

Nikapiga kelele simama. Akaingia hapa.

Nilikuwa chini kabla halijasimama vizuri. Nikafungua boneti, moshi ukanipiga usoni. Nikatia mkono, nikaushika waya. Nimeungua vidole viwili, kalamu naishika kwa shida. Mkono wa Swabir ukaja juu ya wangu, akaubana, akaniambia kwa meno, "Si hapa. Hasina, si mbele ya Ami." Akanitoa. Akafunga boneti.

Basi nikasema. Pale pale, watu wa petroli wakisikia. Nilisema yote. Dripu, daiodi, mlima wa Kwale, kiapo. Nikamwambia Mama, hakuna jicho la mtu, gari nililiharibu mimi, Ijumaa lilitulia kwa sababu nilikifunga kigurudumu mimi. Nikamwambia Bi Mwanapili nisamehe. Nililia mpaka kamasi.

Nilidhani nikisema tu yatakwisha.

Mama akamgeukia Swabir. "Ni kweli?"

Alikuwa mweupe midomo. Akamtazama Ami. Akazitazama leso. Nilijua atasema nini, maana uongo kama huo nilikwisha kuusema mimi.

"Sijui anazungumza nini, Mama."

Mama akanifuta machozi kwa ncha ya leso yake. Kwa huruma! Akasema, "Unamsitiri jirani yako. Nimekuelewa, mwanangu. Lakini tumekwisha kumsamehe, hapana haja ya kujitwika." Nikampigia Johnstone, aongee yeye, wamsikie mwanamume. Simu imezimwa. Jumamosi!

Nikauchomoa ufunguo nikaushika kifuani. Ami Tembo akanyoosha kiganja. Hakugomba. "Toa ufunguo, mwanangu. Wazee wenzangu wamekaa jamvini. Usitutie aibu." Sijawahi kumkatalia Ami kitu. Nikautoa. Mungu wangu, nikautoa kwa mkono wangu!

Nikasema mimi siingii. Mama akasema basi pumzika hapa, tutakupitia tukirudi.

Na Bi Mwanapili. Yeye alikuwa ameamini. Niliona usoni. Alikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja chini, na mkono juu ya mlango. Aliutazama moshi unaotoka chini ya boneti. Akanitazama mimi. Nikamwambia, usiende, mama, nakuomba, usiende wewe. Akamtazama Mama, Mama anamngoja, ameketi, amemwachia nafasi.

Asingeingia, mwenye jicho angekuwa yeye. Maisha yake yote, Ukunda nzima, angekuwa yeye.

Akasema taratibu, kwangu peke yangu, "Wallahi nimekusikia." Akaingiza mguu wa pili. Akafunga mlango.

Wameondoka dakika ishirini sasa. Nimempigia Swabir mara sita. Inaita tu. Mama hana simu leo, ameiacha kwenye chaji. Ya Ami haipatikani.

Saa nne na dakika tano. Kijana wa bodaboda ameingia kutoka upande wa Ramisi. Anamwambia mwenye pampu kuna gari limesimama mbele ya daraja, moshi mwingi, watu wamejaa. Kalamu ilinianguka. Nimemkimbilia. Gari gani? La buluu. Subaru? Anadhani. Linawaka? Anasema lilikuwa moshi, moto hakuuona, hakusimama, alikuwa na mzigo.

Nimemwambia nipeleke. Anatia petroli kwanza, tangi liko kavu. Mwenye pampu anatafuta chenji ya mtu mwengine. Itafute baadaye jamani!

Nimemuuliza watu wangapi walikuwa nje ya gari. Wa kwenye gari, si waliokuja kutazama. Hajui. Anasema mwenzake yuko pale pale, alisimama kusaidia, atampigia. Anampigia. Nimekaa tena kwenye kreti kumngoja.

Wao ni wanne. Swabir, Ami, Mama, Bi Mwanapili. Nimemwambia wanne, muulize kama wanne wako nje.

Inaita.

Amepokea. Kuna kelele upande wa pili, ameziba sikio moja. Anamuuliza. Anamuuliza tena, kwa sauti. Ananitazama mimi na kuinua vidole viwili: wawili wako nje. Bado anasikiliza.